Miisho Miwili ya Mama Bangili

Ninyi mnaobaki na mashine, jambo la kwanza ni kunawa mikono. Sisemi kwa ajili ya adabu. Kidole chenye mafuta ya mawese kikigusa filamu, alama yake inatokea ukutani kubwa kama mtumbwi, na ukumbi mzima unajua kwamba fundi amekula samaki wa mugebuka. Mwaka wangu wa kwanza niliweka dole gumba kwenye paji la uso la bwana harusi mmoja mzuri sana, na wiki nzima watu wakauliza yule kijana alikuwa na ugonjwa gani. Najua sasa mna kaseti, na kaseti haionyeshi vidole. Naweni hata hivyo.

Mmeniomba niwaandikie kazi yangu tangu mwanzo. Cheo sikuwahi kukipata zaidi ya kimoja, nacho nitakieleza, kwa sababu nusura nikikose kwa kosa la kijinga. Mimi niliingia sinema kwa mlango wa cherehani. Nilikuwa nashona sokoni, mjane bila mtoto, na Papa Mulongo, mwenye ukumbi, aliniita nishone mapazia meusi ya madirisha. Alionyesha filamu mchana, saa tisa, kwa kuwa umeme uliotoka bwawa la Bendera ulikuwa na nguvu saa ile. Jioni mji mzima ulitaka kuula. Nilipomaliza mapazia akanionyesha ile nguo nyeupe ya ukutani. Ilikuwa imechanika pale katikati, na kila muigizaji aliyepita hapo alionekana amepigwa panga. Niliishona kwa mkono, siku mbili nzima juu ya ngazi.

Papa Kisimba, fundi wa mashine, alishuka kutoka kwenye chumba chake kuja kuangalia. Alikuwa mtu wa Mpala, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Alipitisha kiganja kwenye ile nguo juu na chini, mara ya kwanza, mara ya pili, halafu akanigeukia.

“Mama, sindano ilipitia wapi?”

Nilimwonyesha. Hakuamini mpaka alipoleta taa. Kesho yake niliitwa tena, safari hii juu, kwenye chumba cha mashine, ambako kulikuwa na joto la tanuru la mikate, na nikapewa mkasi. Papa Kisimba aliniambia kwamba filamu nayo ni nguo, tofauti ni kwamba inapita mbele ya moto.

Hivi ndivyo alivyonifundisha kuunga, na sijaona njia nzuri zaidi. Unakata pale palipochanika, sawasawa, kati ya picha na picha. Unakwangua ncha moja polepole mpaka rangi itoke. Unapaka gundi kidogo sana, unalaza ncha ya pili juu yake, unabana, na unasema Salamu Maria moja bila haraka. Gundi ikiwa ya zamani, unasema mbili. Papa Kisimba alilelewa na mapadre na hakuwa na saa. Kwa hiyo miaka ile, kila mara mji wa Kalemie ulipomwona mtu akipigwa risasi au akimbusu mke wa mwenzake, ujue palikuwa na sala hapo karibu.

Kanuni yake ya pili ilikuwa hii: kosa likishaingia kwenye mashine, liache lipite. Usizime. Watu wakiona picha ya ajabu watadhani ndivyo ilivyotengenezwa, lakini wakiona giza watajua ni wewe. Kanuni hii iandikeni mlangoni.

Nilikaa chini yake miaka mingi. Niliunga, nilisafisha, nilikunja filamu kwenye bobini, yaani yale magurudumu makubwa ya chuma, lakini mashine yenyewe sikuiwasha mbele ya watu. Kulikuwa na waliosema mwanamke hafai pale juu, kwamba ataona aibu au filamu itaona aibu, sikumbuki vizuri. Halafu magoti ya Papa Kisimba yakagoma kupanda ngazi, naye akatangaza kwamba anarudi Mpala kulima mihogo yake. Wiki hiyo hiyo mpwa wa Papa Mulongo akashuka kwenye treni kutoka Lubumbashi. Aliitwa Kalenga. Alikuwa na suruali pana chini, cheti cha ufundi wa sinema kwenye fremu yenye kioo, na msumari wake mwenyewe wa kukitundikia. Kwa kweli nilimchukia yule msumari kuliko mtu mwenyewe.

Papa Mulongo alikuwa mtu wa haki lakini mwoga wa familia yake. Alituita wote watatu chini ya ngazi akatoa hukumu. Papa Kisimba alitaka mimi nirithi mashine, dada yake mwenyewe, mama wa Kalenga, alimtaka Kalenga, basi kazi yenyewe ndiyo itakayochagua.

“Feza, siku ya Mama Bangili wa Pili utabakia peke yako kule juu. Ikienda muzuri, mashine ni yako mpaka uzeeke. Ikiharibika, hata kidogo, utarudia cherehani yako na Kalenga ataingia.”

Hapa lazima nieleze Mama Bangili ni nani, maana wengine wenu mlikuwa bado mgongoni. Filamu ilikuwa na jina lake refu la kigeni kwenye bango, lakini hakuna aliyelitumia. Ilihusu mjane kijana ambaye shemeji zake wanne walimsukuma darajani ili wachukue nyumba ya marehemu. Anakufa majini na bangili zake za arusi mkononi. Halafu anarudi. Humwoni kwanza, unasikia tu bangili, cha, cha, cha, na shemeji mmoja anageuka, na huyo amekwisha. Sehemu ya kwanza aliwamaliza watatu. Wa nne, mkubwa wao, aliyepanga kila kitu, alipanda meli akatoroka, na hapo filamu ikaisha, na watu wakakataa kutoka ukumbini.

Miaka miwili mji ulimsubiri yule shemeji wa nne. Hamuwezi kujua furaha ya kumngoja mtu afe kwa pamoja namna ile. Wavuvi walimtaja ziwani. Wanawake sokoni walitikisa bangili zao nyuma ya waume waliokuwa wanapunguza kitoweo, na waume wakaongeza. Na kwa kuwa sisi tuna daraja letu la Lukuga, tena pale maji yanapotoka ziwani kwa nguvu, kila mtu aliamini jambo lile lilitokea hapa hapa, na kwamba wageni walikuja tu kulipiga picha.

Kwa hiyo Papa Mulongo, ili asikose, aliagiza sehemu ya pili kwa watu wawili tofauti, mmoja wa kusini na mmoja wa kaskazini, akiamini mmoja atamdanganya. Wote wawili walikuwa waaminifu. Nakala moja ilifika kwa treni na nyingine ikafika kwa meli, siku moja kabla ya onyesho.

Tulifungua mabati ya filamu asubuhi ya Ijumaa, mimi na Papa Kisimba, yeye akiwa ameketi kwenye kiti chini ya ngazi na mimi nikimwambia kwa sauti ninachokiona. Nilichokiona kilinichekesha mpaka nikashika ukuta. Nakala ya treni ilikuwa imepita mikononi mwa wakubwa wanaolinda macho ya raia, nao walikata kila tone la damu. Mtu anageuka, anafungua kinywa, na mara yuko kaburini. Nakala ya meli ilikuwa imepita kwa mtu anayependa damu na hapendi nyimbo. Alikata nyimbo zote, na hata bwana na bibi wakitazamana kwa upole sekunde mbili, anaruka. Zaidi ya hayo, kila moja ilikuwa imechanika mahali pake.

Nilimwambia Papa Kisimba kwamba tuna nguo mbili mbovu, na kutoka kwazo tunaweza kupata moja nzuri. Alicheka akasema ndiyo sababu alinipandisha ngazi. Siku nzima nilikata na kuunga. Nyimbo nilitoa kwenye treni, damu nilitoa kwenye meli. Nilisema Salamu Maria nyingi kuliko zile za mwezi wa Rozari.

Nilipofika mwisho nikasimama. Miisho haikufanana. Nilifikiri nimechanganya mabati, nikatazama tena kila kipande dhidi ya mwanga wa dirisha. Kwenye nakala ya treni, shemeji wa nne anapiga magoti darajani, amezeeka, analia. Mama Bangili anamtazama muda mrefu. Halafu anavua bangili moja moja, anazitupa mtoni, anatembea ndani ya jua, neno FIN, yaani mwisho. Amemsamehe. Kwenye nakala ya meli hakuna msamaha hata wa kusingiziwa. Yule yule shemeji, daraja lile lile, na kutoka majini unapanda mkono, mkono tu, wenye bangili mpaka kiwikoni. Unamshika mguu. Anaondoka naye. FIN.

Nilishuka kumuuliza Papa Kisimba upi ndio wa kweli. Alisema yote miwili ni ya kweli, waliopiga picha hawakuafikiana na kila mmoja aliuza wake. Tukampelekea swali Papa Mulongo. Yeye alifikiri mpaka soda yake ikapoa, maana ilikuwa ya moto. Akasema tuonyeshe msamaha Jumamosi, kwa sababu wanafunzi wa shule ya masista wangekuja na masista wao, na Jumapili tuonyeshe mkono.

Sasa lisikilizeni kosa langu, maana ni kosa la mshonaji, na fundi mwenye cheti asingelifanya. Bobini hazikutosha. Ile ya mwisho ya meli ilikuwa imepinda safarini na haikuzunguka. Nami siwezi kuacha ncha ikining'inia. Mkono wangu haulali ukiona uzi umeachwa. Nguo ambayo hujaamua uishone vipi unaipiga bandi, yaani unaishikiza kwa mishono mirefu ya muda, ukijua kesho utaifumua. Basi mwisho wa meli niliushikiza nyuma ya mwisho wa treni, kwenye bobini moja, ili usipotee. Niliuunga kwa gundi ya zamani na sala moja tu, kwa makusudi, ili nifumue kirahisi Jumamosi asubuhi. Niliona nimefanya jambo la akili sana.

Jumamosi, siku ya posho kama tunavyoiita, watu walikuwa mlangoni tangu asubuhi. Walitoka Zongwe kwa mitumbwi, walitoka Bendera juu ya lori la mihogo. Masista walikuja na mstari mrefu wa wasichana. Kina mama wote walikuwa wamevaa bangili, hata wale ambao hawakuwa nazo. Walikata mirija ya plastiki wakavaa. Mapazia yangu mawili yaling'olewa kwa msongamano na nikakimbia kuyashona yakiwa pale pale dirishani. Sikukumbuka bobini ya mwisho. Nasema wazi, haikunijia hata kidogo.

Mtu mwingine lazima mmjue ni Papa Sangwa, mwelezaji wetu. Filamu zilisema lugha zao, chini yake kulikuwa na maandishi ya Kifaransa, na Papa Sangwa aliketi pembeni ya ile nguo nyeupe na mikro, yaani kipaza sauti, akatuambia kwa Kiswahili. Alisoma nusu ya maandishi na nusu nyingine alitoa kichwani kwake. Aliwapa waigizaji ukoo, vijiji, madeni ya mahari. Yule shemeji wa nne alishafanywa mtu aliyewahi kukaa mtaa fulani hapa mjini, na wakazi wa mtaa huo walikuwa wakiona fahari.

Saa tisa niliwasha. Kalenga alikuwa amesimama mlangoni pa chumba cha mashine, mikono kifuani, akinitazama vidole. Papa Kisimba alikuwa kitini kwake chini ya ngazi. Mashine yetu ilikuwa moja, kwa hiyo kila bobini ilipoisha tuliwasha taa na watu wakaimba mpaka niweke nyingine. Ya kwanza ikapita. Ya pili, ya tatu. Kila muungo wangu ulipopita nilisikia kidonge kidogo cha sauti, tik, na hakuna mtu aliyekiona. Damu ilitokea pahali pake, nyimbo pahali pake, ukumbi ulipiga kelele na kulia na kupiga kelele tena. Kalenga alishusha mikono. Nilianza kuhesabu miaka nitakayokaa pale juu.

Bobini ya mwisho. Shemeji akapiga magoti, bangili zikaanguka moja moja majini, jua, FIN. Kukawa na ukimya wa watu waliotaka damu na wamepewa dini. Masista walipiga makofi. Wengine wakasimama polepole, wakiguna, na Papa Mulongo mwenyewe akafungua mlango mkubwa. Nilinyoosha mkono kwenye swichi.

Cha, cha, cha.

Daraja lilikuwa limerudi ukutani. Shemeji alikuwa amerudi, bado anapangusa machozi, anasimama, anatikisa vumbi magotini, anaanza kwenda zake. Hapo ndipo nilipokumbuka bandi yangu. Kalenga alivuta pumzi nyuma yangu na kusema filamu haiishi vile, ameiona Lubumbashi kwa macho yake. Kidole changu kilikuwa juu ya swichi. Nikizima, kila mtu atajua ni mimi. Nisipozima, nitakuwa mtu aliyemuua mwanaume aliyesamehewa mbele ya masista. Kutoka chini ya ngazi nilisikia sauti ya Papa Kisimba, tulivu kabisa, kama anaomba chumvi.

“Acha ipite.”

Nikaacha. Ukumbini waliokuwa wanatoka waligeuka, waliokuwa nje wakarudi wakisukumana, na mtu akafunga mlango mkubwa kwa teke. Mkono ukapanda kutoka majini, na ulikuwa umevaa bangili, zile zile zilizotupwa dakika moja iliyopita. Papa Sangwa alikuwa hajasema neno. Yeye pia alidhani imekwisha. Alishaweka mikro chini. Niliona kivuli chake kikiinama, kikaiokota. Mji mzima ulingoja aeleze. Mkono ulikuwa tayari kwenye kifundo cha mguu aliposema, polepole, jambo ambalo hakuna Kifaransa kilichokuwa kimeliandika:

“Yeye aliisha kumusamehe. Lakini maji haikumusamehe.”

Jamani. Nimefanya kazi miaka yote hii na sijasikia tena sauti ile. Haikuwa kelele. Ilikuwa watu wote pamoja kuelewa. Halafu ndipo kelele ikaja, na benchi mbili zikavunjika, na sista mkubwa alionekana amesimama juu ya kiti chake, ngumi juu. Watu walikumbatiana na watu wasiowajua. Mimi kule juu nilicheka na kulia kwa pamoja, na jasho likaniingia machoni, na FIN ya pili ikapita bila mtu kuisoma.

Kisha taa zikawaka na nikabaki na hesabu yangu. Kosa lilikuwa limetokea, kubwa, mbele ya shahidi mwenye cheti. Nilifunga mkasi wangu ndani ya kitenge. Nilisikia ngazi ikilia kwa uzito ambao haijawahi kuubeba: Papa Mulongo, mtu mnene, alikuwa anapanda kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Alitokeza kichwa, shati limelowa, macho mekundu.

“Feza,” alisema, “kesho iende hivi hivi. Usibadilishe hata kidogo.”

Nilifungua kinywa nimwambie ukweli. Naapa nilikifungua. Chini ya ngazi Papa Kisimba akashikwa na kikohozi kikali, cha mtu wa kifua kizima kabisa, na hakikukoma mpaka nilipokifunga. Kalenga aliposema kwamba filamu haiishi vile, mjomba wake alimtazama kwa huruma, akamwambia kule kwao walikatiwa.

Hivyo ndivyo nilivyopata mashine. Jumapili nililifanya lile kosa tena, safari hii kwa gundi mpya na Salamu Maria mbili. Nilitoa ile FIN ya kwanza, nikaunga jua moja kwa moja na mto, na sindano msingeweza kuona ilikopita. Tuliionyesha majuma manne. Wanaume walikataa kuvuka daraja la Lukuga na mke mwenye bangili, na kuna wanawake waliovaa za mirija makusudi ili wavuke peke yao kwa raha zao. Mtu mmoja wa Zongwe alimrudishia mke wa marehemu kaka yake mtumbwi aliokuwa ameushikilia, bila kuitwa na chifu wala nani. Alisema tu anavua kila siku, na maji anayajua.

Nakala zilipotakiwa kurudi, meli ilikuwa inapiga honi bandarini na hakukuwa na muda wa kufumua. Ile nzima, yangu, iliingia kwenye mabati ya meli ikaenda kaskazini. Masalio yaliingia kwenye mabati ya treni. Kwa watu wa kusini walioletewa filamu isiyo na nyimbo, damu wala mwisho, ya watu wanaofungua milango tu, naomba radhi. Nilikuwa kijana.

Papa Kisimba alikwenda Mpala na mihogo yake. Kila msimu alinitumia kikapu cha samaki wakavu na swali lile lile, sindano inapitia wapi siku hizi. Alifariki kitandani kwake, na bado nikiunga kitu chochote nasema sala yake, hata nikibandika stempu. Kalenga hakuondoka. Alisimamia umeme na mabango, na alikuwa mzuri, nasema ukweli, yule msumari nilimsamehe. Lakini kila asubuhi ya miaka yote hiyo, badala ya kuniamkia, alipita chini ya ngazi akasema, “Haiishi vile, Mama Feza.” Nami nikajibu, “Asubuhi njema, Papa Kalenga.” Hakuna aliyejua tunazungumza nini. Ndiye aliyeleta televisheni na mashine ya kaseti wakati filamu zilipoacha kuja, akanifundisha kuzitumia bila kujivuna, au kwa kujivuna kidogo tu.

Nafika kwenye ile alasiri ya kuniaga, ambayo ninyi mlikuwapo, lakini mliona nusu yake. Mlitaka kunifurahisha. Mliwatuma wachuuzi wa Kigoma wakatafuta kaseti ya Mama Bangili wa Pili, mkaiweka, mkanikalisha mbele na soda. Mimi nilijua tangu bango la mwanzo kitakachotokea. Bangili zikaanguka majini, jua, FIN, na televisheni ikawa theluji, chenga tupu.

Ninyi, ambao wengi hamkuwa mmezaliwa, mkaanza kupiga kelele kwamba imekatwa. Mkono uko wapi? Mmoja wenu alisema bibi yake aliiona Uvira na mkono ulikuwapo. Mchuuzi wa Kigoma alisema hata kwao kila mtu anajua maji hayakumsamehe, hiki ni kitu cha kudanganya wateja. Tena neno kwa neno, neno la Papa Sangwa, ambalo halikuandikwa popote. Nilikuwa nimeketi pale nikielewa kwamba bandi yangu imezunguka ziwa lote, na kwamba filamu ya kweli imerudi nyumbani na hakuna anayeitambua. Halafu mkanigeukia mimi, mtu mzima wa kazi, niseme mbele ya wote kama imekatwa au haikukatwa.

Sikuweza. Nikisema imekatwa, naagwa na uongo. Nikisema haikukatwa, mashine sikuipata kwa halali, na bibi zenu wote waliona kosa la mshonaji. Nilimwangalia mtu mmoja tu mle ndani aliyejua. Papa Kalenga alikuwa amesimama karibu na swichi, mvi kichwani, mikono kifuani kama siku ile. Alikuwa amengoja swali hilo tangu ujana wake. Aliniangalia muda mrefu. Akatoa kaseti, akaigeuzageuza, akawarudishia.

“Imekatwa,” alisema. “Ile ya kweli niliionea hapa, siku ya posho. Mama Feza njo alikuwa kwenye mashine.”

Mlipiga makofi mkadhani nalia kwa sababu ya kuondoka. Sasa mnajua. Mkasi wangu uko kwenye droo ya kushoto, msikatie nao karatasi, na asubuhi mkimkuta Papa Kalenga chini ya ngazi amesimama bila la kusema, mumuamkie ninyi.